Ujira wa Dalali na Amana ya Shauri

Ndugu zetu Waislamu, tumeulizwa juu ya vijana wetu wanaoandika katika intaneti habari za Mji wa Kale, wakasifu nyumba hii ya wageni na ile, kisha hupata fungu kila msafiri alipapo chumba kwa kupitia kiungo chao. Je, chumo hilo ni halali?

Twajibu: Jambo hili si geni. Ni udalali, uleule wa ampokeaye mgeni mlangoni mwa Ngome akampeleka dukani Ndia Kuu, na mwenye duka akampa chake. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijria, ameweka katika Sahihi yake mlango wa ujira wa dalali, akataja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya wake.

Lakini mwandishi huyu si dalali tu, ametakwa shauri pia, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa atakwaye shauri ameaminiwa. Basi na aseme waziwazi, kabla ya kusifu, kwamba hulipwa. Asisifu mahali asipopajua. Na akijua kuwa nyumba ya jirani isiyotoa fungu ndiyo bora na rahisi, naye akanyamaza, amewadhulumu mgeni na jirani pamoja.

Kipimo ni hiki: lau fungu lingeondolewa leo, ungeyaandika yaleyale? Kama ndiyo, kula chumo lako. Ukisita, lifute neno hilo kabla hujaulizwa na Mola wako.

Wabillahi tawfiq.