Je, Muuzaji Aweza Kunyamaza?

Katika njia ziunganishazo Kasongo na Kabambare, motokari haiwi ya mwenyewe peke yake. Mwenyewe ni mmoja, lakini mchele wa huyu, mafuta ya mawese ya yule, mama aendaye sokoni na mgonjwa apelekwaye hospitali, wote hupanda juu yake. Basi motokari ikichakaa, uchakavu wake huwafikia watu wengi. Kwa sababu hiyo yafaa kila mkatekumeni afikiri juu ya jambo hili, hata yule ambaye hatapata kamwe kuwa na motokari.

Tazameni mfano huu. Yuko mtu wa Lusangi mwenye motokari kuukuu ya mizigo. Kila safari yalala njiani. Wakati wa mvua husimama matopeni, na watu waliomwamini kwa mizigo yao hulala porini pamoja naye. Fedha aipatayo kwa kazi yote humwishia kwa fundi. Siku moja fundi akamwambia, “Mzee, chombo hiki kimechoka. Utanunua vipande hata lini?”

Mtu huyo akakata shauri kununua nyingine: si mpya, kwa maana mpya yapita uwezo wake, bali iliyokwisha kutumika na bado ina nguvu. Hapo hakuna tamaa mbaya. Kuacha kitu kinachokula mali ya nyumba na kutafuta kilicho imara ni busara.

Akapata moja miongoni mwa zile zitokazo Japani na kushushwa Dar es Salaam. Akaenda kuikagua alfajiri, mashine ingali baridi, kwa kuwa mashine iliyopata moto huficha ugonjwa wake. Akatazama moshi, kwani moshi wa rangi ya samawati huonyesha kwamba mashine yala mafuta yake. Akachungulia mafuta yenyewe, yasije yakawa meupe kama maziwa, ndiyo dalili ya maji kuingia ndani. Hesabu ya kilometa hakuiamini upesi, maana wako watu wairudishao nyuma. Kisha akamwuliza muuzaji kasoro zote, naye akajibu moja moja. Akamkumbusha pia kwamba usukani uko upande wa kuume, kama ifaavyo Japani na Tanzania, ambako motokari hushika kushoto. Katika Kongo motokari hushika kuume, na dereva wa namna hiyo haoni vema mbele anapotaka kumpita mwenzake. Mtu wetu akashukuru kwa kuambiwa kweli.

Lakini fedha yake ilipunguka. Ilimpasa kwanza kuuza ile kuukuu. Akaja kijana, mwana wa ndugu yake mdogo, atakaye kuanza kazi ya kuchukua mizigo. Motokari ile ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kutu, nayo kila mtu aliiona. Ya pili ni breki: mafuta yake huvuja pole pole, hata katika mteremko mrefu mguu huzama na motokari isishike. Siku ile ilikuwa imetengenezwa kwa muda, ikashika vizuri. Kijana akasema, “Baba mkubwa, mimi ni mtoto wako. Sitamleta fundi. Wewe ukisema yafaa, yatosha.” Juu ya breki hakuuliza neno.

Je, mzee akinyamaza, amekosa?

Moyo wa mtu haukosi udhuru. Wa kwanza ni huu: “Hakuniuliza.” Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, aliupima udhuru huu katika mafundisho yake juu ya kununua na kuuza. Alifundisha kwamba kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitaja, kwa kuwa mnunuzi aiona mwenyewe. Lakini kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, sharti aitaje. Si lazima aitangaze sokoni mbele ya watu wote. Yampasa amwambie yule ajaye kununua. Basi kutu yaweza kuachwa bila kutajwa, bali breki haziwezi. Hata sheria ya Kongo juu ya mapatano, iliyowekwa mwaka 1888, humdai muuzaji kwa kasoro zilizofichika.

Udhuru wa pili: “Nahitaji fedha.” Ni kweli, wala shida yake si ndogo. Lakini shida ya muuzaji haizitengenezi breki.

Udhuru wa tatu: “Kila mnunuzi ana macho yake.” Mbona yeye mwenyewe aliponunua hakutosheka na macho yake, bali aliuliza? Atakaye kweli anaponunua na kuificha anapouza, huyo ana mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, moja kubwa na moja dogo. Na jambo hilo Sheria ya Musa ilikwisha kulikataza. Tena hapa haivunjwi amri ya saba peke yake. Kunyamaza juu ya breki kwagusa na amri ya tano, kwa kuwa ni uhai wa watu. Wazee wasema njia ya mwongo ni fupi; lakini katika motokari hii mwongo hasafiri. Wasafiri ni wengine.

Mzee alikaa kitambo, kisha akasema, “Mwanangu, breki zake si nzima. Tumwite fundi kwanza.” Fundi akaja, na gharama ya matengenezo ikatolewa katika bei. Fedha iliyobaki haikutosha kununua ile motokari imara. Ikachukuliwa na mtu mwingine, na mzee akangoja mvua nyingine zipite. Wako waliomcheka. Hasara ilikuwa hasara kweli, naye aliijua tangu mwanzo. Lakini haki isiyomgharimu mtu kitu haijapimwa bado.

Na yule ambaye amekwisha kuuza hivyo, akanyamaza, afanyeje? Kusikitika moyoni hakutoshi. Mtakatifu Thomas afundisha kwamba amelazimika kufidia hasara aliyoileta. Basi asingoje siku ya kubatizwa. Aende kesho asubuhi kwa yule aliyenunua, amwambie iliko kasoro, kabla motokari haijapakia watu.