Kula cha Mwenyeji

Askofu Mkuu Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mjini Algiers mwaka 1868, aliwaagiza watwae lugha, chakula na mavazi ya watu waliotumwa kwao. Walipofika Karema mwaka 1885, bado walivaa kanzu ya Aljeria. Basi vazi pekee si kipimo cha heshima.

Leo mgeni kutoka ng'ambo afikaye Sumbawanga hujifunga kitenge kwa furaha. Lakini awekewapo ugali wa ulezi na kuku hukataa, asije akawapunja watoto wa nyumba. Huruma hiyo ni njema, ila humnyima maskini heshima ya kutoa. Na ale kidogo, awabakizie watoto, ashukuru. Kupokea nako ni sadaka.