Skrepa ya Mzee

Hapa Ruanda huwa nazisaka Land Rover kuukuu zilizolala kwenye mashamba ya kahawa. Kuzitambua si kazi. Taa zilizobanana katikati ni Series I au II. Taa za kwenye madigadi na grili ya plastiki, hiyo Series III, iliyoanza 1971. Bodi ni alumini, haishiki kutu. Fremu ya chuma ndiyo huoza.

Sasa mzee mwenye gari anaiita skrepa, bei ya kilo. Je, nimwambie ukweli? Wajanja watasema kujua ni mtaji. Sawa, ujuzi una bei, lakini idai waziwazi. Ukinunua kutojua kwa mtu, umemwibia huku akikushukuru. Mwambie kwanza, ndipo mpatane.