Kati ya Mema Mawili Yanayofanana



Mtu akiwekwa mbele ya jema na baya, tunajua la kumwambia. Tulifundishwa tangu utoto, nasi tumewafundisha wengine. Akiwekwa mbele ya mabaya mawili, bado tunalo neno: achague lenye madhara machache. Lakini je, akiwekwa mbele ya mema mawili yaliyo karibu sawa? Hapo wengi wetu hucheka na kusema, "Hiyo nayo ni shida? Chukua lolote, twende zetu." Mimi nasema ni shida, tena ni shida ya maadili, na imevuruga amani katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani. Naomba tulifikiri jambo hili pamoja.

Mfano wangu ni wa siku hizi. Mpwa wangu na mkewe wanaishi Uingereza pamoja na watoto wao watatu na mama mzaa mke. Gari lao la petroli limechakaa. Wameamua kununua gari la umeme lililokwisha kutumika, gari la familia, la umbo lile lililoinuka kidogo. Wamechuja orodha yao mpaka yamebaki mawili: Hyundai Ioniq 5 na Kia EV6. Kwa miezi mitano sasa wanayalinganisha hayo mawili. Kila tukizungumza kwa simu mpwa wangu huniuliza, "Mjomba, tuchukue lipi?" Mimi sikupata kumiliki gari la umeme, lakini nimefundisha hesabu chuo cha ualimu kwa miaka mingi. Nikamwomba aniletee tarakimu.

Nilipoziona tarakimu nikaelewa kwa nini wamekwama. Magari haya ni ndugu wa tumbo moja. Kia ilifilisika mwaka 1997, na mwaka uliofuata Hyundai ikaichukua. Tangu hapo kampuni hizi mbili za Korea ya Kusini hushirikiana katika mambo mengi ya ufundi. Ioniq 5 na EV6 zote zilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, na zote zimejengwa juu ya chasisi ya namna moja. Mfumo wa umeme ni wa volti 800 kwa zote mbili. Betri kubwa iliyouzwa Ulaya katika magari ya mwaka 2023 ni ya kilowati-saa 77.4 kwa zote mbili. Kwenye mashine ya kuchajia yenye nguvu ya kutosha, zote hupanda kutoka asilimia 10 hadi asilimia 80 kwa dakika 18 hivi. Hata kutoa umeme wa kuchemshia birika la chai njiani, zote zinaweza.

Tofauti zipo, lakini ni za kupima kwa rula. Ioniq 5 ina kimo cha milimita 1,605, na EV6 milimita 1,550. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, Ioniq 5 ina milimita 3,000 na EV6 milimita 2,900, kwa hiyo ya kwanza ina nafasi zaidi ya kunyosha miguu. Buti la Ioniq 5 huchukua lita 520 na ushei. La EV6 huchukua lita 490 au pungufu kidogo. Kwa upande wake EV6 imelala chini zaidi, na wapenda kuendesha husema inashika barabara vizuri zaidi kwenye kona.

Kisha wakaniletea hukumu za wataalamu, nazo hazikusaidia kitu. Mwaka 2022 waamuzi wa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Ulaya waliichagua EV6. Mwaka huohuo waamuzi wa tuzo ya Gari Bora la Mwaka Duniani waliichagua Ioniq 5. Ikiwa watu ambao kazi yao ni kupima magari wamegawanyika hivyo, mpwa wangu na mkewe watapata wapi hukumu ya mwisho?

Swali hili lilikuwako kabla ya magari. Mwanachuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa mtu aliyewekewa tende mbili zinazofanana kwa kila hali, naye anazitamani lakini hawezi kuchukua zote mbili. Je, atakaa bila kula? Hapana, alisema, binadamu amepewa hiari, na kazi ya hiari ni kukitenga kitu na mwenzake hata pale ambapo havina tofauti. Huko Ulaya mfano wa namna hiyo hupewa jina la Jean Buridan, mwalimu wa Paris katika karne ya 14, ingawa hauonekani katika maandishi yake mwenyewe. Huo ni mfano wa punda aliyesimama katikati ya marundo mawili ya majani makavu yaliyo sawasawa, akafa njaa kwa kukosa sababu ya kwenda huku au kule. Leibniz naye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1710, alijibu kwamba jambo hilo haliwezi kutokea, kwa maana ulimwengu hauwezi kugawanywa katikati ya punda pande mbili zikalingana kabisa.

Wazee wetu nao wana mnyama wao wa mfano huu, wala si punda. Ni fisi. Alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama upande wa kulia na harufu ya nyama upande wa kushoto. Akaweka miguu njia hii na miguu njia ile, akaenda hivyo hivyo mpaka akapasuka. Ndipo tukaambiwa, njia mbili zilimshinda fisi.

Nawaomba mtazame tofauti ya wanyama hawa wawili, maana ndipo lilipo fundo la maneno yangu. Punda alikufa kwa kukosa sababu. Fisi alikufa kwa kutotaka kukosa. Punda akiletewa sababu ndogo tu, hata unyasi mmoja zaidi upande mmoja, atakwenda. Fisi hata akipewa sababu mia hatakwenda, kwa kuwa ugonjwa wake hautokani na upungufu wa sababu. Yeye anajua kwamba kuchagua ni kuacha, naye hataki kuacha.

Mpwa wangu anajidhania kuwa ni punda, na ndiyo maana kila wiki anatafuta tarakimu nyingine. Lakini nimewasikiliza wote wawili, na dalili ninazoziona ni za fisi. Wakikaribia kuichukua Ioniq 5, huanza kusikitikia mwendo wa EV6. Wakigeukia EV6, husikitikia nafasi ya Ioniq 5. Jambo hili haliponi kwa tarakimu. Kila tarakimu mpya huongeza tu orodha ya vitu vya kusikitikia.

Atanijibu mtu: "Mwalimu, fedha hizi ni nyingi. Je, si wajibu wa mzazi kuchunguza kabla ya kununua?" Ni wajibu, wala sibishani naye. Mtu anayenunua gari bila kuuliza hali ya betri wala bei ya bima anacheza na chakula cha watoto. Lakini wajibu wa kuchunguza una mwisho wake. Herbert Simon, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba mwanadamu hawezi kukitafuta kilicho bora kupita vyote, maana akili na muda wake vina mipaka, na kutafuta kwenyewe kuna gharama. Kwa hiyo huweka kipimo cha kinachotosha, na akikipata husimama. Miezi mitano ya jioni ni gharama. Hizo ni jioni ambazo baba angeweza kuwasikiliza watoto wakisoma.

Iko gharama nyingine ambayo haiandikwi katika bei. Mpwa wangu anaipenda EV6. Mkewe anaipenda Ioniq 5. Mwezi wa kwanza walibishana juu ya magari. Kufikia mwezi wa nne, magari yalikuwa yamekwisha kuwa kisingizio. Mkewe aliniambia kwa upole, "Mjomba, mimi sina neno na gari lenyewe. Ila kila neno langu hujibiwa kwa jedwali." Hapo nikanyamaza. Ikiwa vitu viwili viko karibu sawa, basi ushindi wa hoja hauna thamani kubwa, lakini jinsi tunavyotendeana wakati wa kuchagua ina thamani kubwa sana. Gari litauzwa baada ya miaka minane au kumi. Neno lililopuuzwa hukaa ndani ya nyumba.

Tena tujiulize kama hatujikwai katika jambo dogo huku tukiliruka kubwa. Betri za magari yote mawili zina kobalti. Kwa miaka ya karibuni zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani imetoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa pande za Kolwezi, ambako watu husalimiana kwa Kiswahili kama sisi. Sehemu yake huchimbwa kwa mikono, katika mashimo ya hatari, na watoto wameonekana humo. Sisemi kwamba kwa ajili hiyo mtu arudi kwenye petroli. Nayo petroli ina madhara yake kwa hewa. Nasema kwamba katika jambo hili zito magari haya mawili hayatofautiani hata kidogo. Uzito wa maadili umo katika maswali yanayotangulia. Je, tunahitaji gari la ukubwa huu? Je, tutalitunza likae miaka mingi? Je, tunahitaji betri kubwa? Magari yote mawili yaliuzwa Ulaya pia na betri ndogo ya kilowati-saa 58, yenye madini machache na bei nafuu zaidi, nayo yangemfaa mtu ambaye safari zake nyingi ni za kwenda kazini na kurudi. Katika miezi mitano sikusikia swali hilo likiulizwa hata mara moja. Mawazo yote yaliishia kwenye milimita.

Basi tufanyeje? Naona mpangilio mzuri katika habari ya Mathiya, katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume. Mitume hawakuanza kwa kura. Kwanza waliweka sharti: mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana mpaka siku ya kupaa. Walipata wawili waliotimiza sharti hilo, Yusufu na Mathiya. Wakaomba. Ndipo wakapiga kura, na kura ilipomwangukia Mathiya wakamhesabu pamoja nao, wala hatusomi kwamba waliliregea shauri hilo. Kura haikutumiwa kukwepa kufikiri. Ilikuja baada ya kufikiri kumaliza kazi yake.

Nami kwa mpango huo nilimpa mpwa wangu mashauri matatu, ambayo msomaji anaweza kuyatumia hata akichagua kati ya shule mbili, viwanja viwili, au vitambaa viwili vya sare ya kwaya.

Kwanza, weka sharti kabla ya kutazama vitu. Andika mambo yanayohitajiwa na nyumba yako: idadi ya watu, kiasi cha fedha usichopaswa kuvuka, safari za kila siku. Kinachotimiza sharti kinatosha. Kisichotimiza kiondoke, hata kikiwa kizuri machoni.

Pili, usiulize "lipi bora?" bali "bora kwa nani?" Milimita 55 za kimo si kitu kwa kijana. Kwa bibi ambaye magoti yanamuuma na kuinama ni shida, huenda zikawa ndizo sababu pekee yenye maana katika jedwali zima. Mara nyingi mema mawili hulingana kwa sababu tumeyapima bila kumtaja mtu. Mtaje mtu, hasa yule aliye dhaifu kuliko wote nyumbani, na mizani huanza kusogea yenyewe.

Tatu, ikiwa baada ya hayo bado yanalingana, basi kulingana kwenyewe ndilo jibu: hutakosea kwa kuchukua lolote. Hapo mwenye nguvu amwachie mwenzake. Ikiwa kila mmoja anamwachia mwingine, na wapige kura wakicheka. Kumwachia mwenzio pale ambapo hoja zako zimekwisha si sifa kubwa. Kumwachia pale ambapo bado unazo hoja za nusu milimita, huo ndio upendo.

Kisha liko jambo la mwisho, nalo wengi hulisahau. Kazi haiishi siku ya kununua. Fisi aliyechagua njia moja huku moyo wake umebaki kwenye nyingine bado anapasuka. Mtu akishachagua, aache kusoma habari za lile lingine. Alitunze alilonalo, alioshe, awapeleke watoto shuleni na mama hospitali. Baada ya mwaka mmoja gari hilo litakuwa limepata sifa ambayo haikuwamo katika tarakimu yoyote, yaani litakuwa lao. Mema mengi ya maisha yetu hayakuwa bora kuliko mengine siku tulipoyachagua. Yamekuwa bora kwa sababu tulikaa nayo tukayatendea kwa uaminifu.