Umesikia Nini?



Jumapili moja baada ya Misa walinijia mume na mke, kila mmoja amenuna. Mke alikuwa amekopa pesa katika chama cha akina mama, akitegemea mshahara wa mumewe kulipa deni. Mume naye alikuwa ameahidi mshahara ule ule kwa ndugu yake aliyelazwa hospitalini. "Nilimwambia," mume akasema. "Hakuniambia," mke akajibu. Nilipouliza zaidi, nikajua kwamba habari ilipitishwa kwa binti yao wa miaka 11. Walikuwa wamekasirikiana, na kwa muda mrefu mtoto yule ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba: "Mwambie mama yako hivi, mwambie baba yako vile."

Habari yao ilinikumbusha msiba uliotokea India tarehe 12 Novemba 1996. Jioni hiyo ndege ya Saudia, Boeing 747, ilikuwa imepaa kutoka Delhi. Ndege ya Kazakhstan, Ilyushin 76, ilikuwa ikishuka ili itue Delhi. Zilikuwa katika njia moja ya angani, hii ikienda na ile ikija. Mwongozaji wa ndege aliyekuwa Delhi alizipangia vimo tofauti. Ile ya Saudia ibaki futi 14,000, na ile ya Kazakhstan isishuke chini ya futi 15,000. Hivyo zingepishana salama, moja juu ya nyingine.

Mwongozaji aliwaonya Wakazakhstan kwamba kuna ndege inawajia kwa mbele, hata umbali wake akautaja. Akajibiwa kwa redio. Hata hivyo ndege yao ilizidi kushuka. Zikagongana karibu na mji wa Charkhi Dadri, na watu wote 349 waliokuwamo wakafa. Hadi leo hakuna mgongano wa angani ulioua watu wengi kama huo.

Ndugu zangu, maneno yalisemwa. Mbona basi hayakuokoa? Uchunguzi ulionyesha mambo ambayo hata sisi katika nyumba zetu tunapaswa kuyatafakari.

Kwanza, katika ndege ya Kazakhstan, aliyezungumza na Delhi hakuwa rubani aliyeshika usukani. Palikuwa na mtu wa redio. Yeye alisikia na kujibu, lakini waliokuwa wakiishusha ndege ni wengine, na wachunguzi walisema Kiingereza chao kilikuwa hafifu. Je, si sawa na yule binti? Mnampa mtoto, au mama mkwe, au jirani, maneno mazito ayabebe, kumbe usukani wa nyumba hauko mikononi mwake. Na mtoto akiona maneno ni makali, huyapunguza kwa kuogopa kuwaumiza wazazi wake. Msimtwike mtoto mzigo huo.

Pili, rada iliyotumika Delhi wakati ule ilionyesha ndege iko wapi, lakini haikuonyesha iko juu kiasi gani. Kimo chake mwongozaji alikijua kwa kuambiwa tu. Mwenzako naye ni hivyo hivyo. Anakuona umeketi mezani, anakuona umelala kando yake. Lakini hofu uliyo nayo, deni unaloficha, uchungu uliokaa moyoni, hayo hayaonekani kwa macho. Wengi wetu husema, "Kama ananipenda angejua." La, mpendwa. Mwambie.

Tatu, marubani wana sheria ya kurudia. Akipewa amri ya kubadili kimo, rubani hasemi tu "nimesikia". Huitaja tena ile amri, na mwongozaji husikiliza kama imerudiwa sawa. Ikiwa si sawa, huisahihisha mara moja. Tena baada ya kurudia, lazima atende alivyosema, maana futi 15,000 zinazotamkwa kwa kinywa tu haziokoi mtu.

Mama yetu Bikira Maria alituonyesha njia hii kabla ya ndege kuwako. Malaika Gabrieli alipomletea habari, hakuitikia tu ili mgeni aondoke. Aliuliza litakuwaje jambo hilo. Alipokwisha kuelezwa, ndipo akakubali itendeke kama malaika alivyosema. Tunalikumbuka hilo kila tunaposali Malaika wa Bwana. Nasi siku ya ndoa, wengi wetu tulirudia maneno ya kiapo baada ya padre, Kanisa likisikia. Mbona tuliacha kurudia tulipofika nyumbani?

Basi nikawaketisha wale wawili. Mume aseme, mke arudie, bila kujibu kwanza. Mke akasema, "Umesema ndugu yako ana maana kuliko watoto wetu." Mume akakana, akaeleza tena. Mara ya tatu mke akasema polepole, "Umesema unaogopa ndugu yako atakufa, na wewe hukumsaidia." Mume akainama, akalia. Kisha ikawa zamu ya mke, naye mume akarudia: "Umesema unaona aibu kusimama mbele ya wenzako bila pesa yao." Deni halikufutika siku ile. Lakini walikwenda pamoja kwenye chama kuomba muda, na binti yao hakutumwa tena.

Wapendwa, juma hili fanyeni jambo moja. Watoto wakiisha kulala, zimeni redio na simu. Mmoja aseme jambo linalomsumbua, kwa maneno machache. Mwingine asijitetee, asihukumu, ila arudie aliyoyasikia na kuuliza, "Ndivyo ulivyosema?" Asipokubali, rudia tena. Kisha badilishaneni. Na mkikubaliana jambo, kila mmoja alishike.

Halafu semeni pamoja: Bwana Yesu, ulialikwa harusini Kana, ingia na nyumbani mwetu. Fungua masikio yetu kabla ya vinywa vyetu, ili tupishane kwa amani na tufike kwako salama. Amina.