Tuchague Nyumba au Jirani?

Mtu anaponunua ng'ombe humtazama meno, humpapasa kiwele, huuliza habari za mama yake, kisha ndipo hutaja bei. Anapotafuta mahali pa kukaa mjini hutaja bei kwanza, na mara nyingi swali la pili halipo. Walakini ng'ombe mbaya huweza kuuzwa kesho. Jirani huingia katika lugha ya watoto wetu na katika usingizi wetu, wala hakuna soko la kumpeleka. Basi, msomaji, nakuomba tufikiri pamoja juu ya swali hili: anayechagua mahali pa kukaa achague nini?

Swali hili ni lako kuliko lilivyokuwa la babu yako. Katika milima ya Kisii na Nyamira mtu wa zamani hakuchagua jirani. Alizaliwa kati ya watu wa ukoo wake, akalima kwa risaga, yaani kazi ya majirani wanaosaidiana, leo shamba lake na kesho shamba la mwenziwe, akazikwa palepale. Siku hizi nchi imejaa. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na watu 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Na katika Kisii kila kilomita moja ya mraba ilikuwa na watu zaidi ya 900. Shamba lililogawanywa na babu, likagawanywa tena na baba, likikufikia wewe ni migomba michache na mistari michache ya chai. Wengi wenu mtashuka mlima kwenda mjini. Huko hakuna mzee wa ukoo wa kukuonyesha mpaka wako. Utachagua mwenyewe, na uchaguzi wako utapima tabia yako.

Tuchukue mji wa Nakuru kwa mfano. Nakuru ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Si mkubwa kama Nairobi wala si mdogo, na una kambi ya jeshi huko Lanet. Watu wengi wa Kisii na Nyamira wamehamia huko. Kijana akishuka garini na sanduku lake hukutana na washauri watatu. Wa kwanza humwambia, "Kaa karibu na askari, utalala bila hofu." Wa pili husema, "Jitahidi ukae Milimani, penye bustani na kimya." Wa tatu humshika mkono akasema, "Usihangaike, twende Kaptembwo. Kodi ni nafuu na watu wa kwetu wapo." Kila shauri lina haki yake. Tulipime moja moja.

Askari ni mtu wa kuheshimiwa, maana ameweka maisha yake rehani kwa ajili ya wengine. Lakini bunduki ni ukuta, si jirani. Mnamo Januari 1964, majuma machache baada ya Kenya kupata uhuru, askari wa kambi hiyo hiyo ya Lanet waliasi, na uasi wao ulizimwa na majeshi ya Uingereza. Siku ile aliyetegemea kambi kwa amani yake aliona kambi yenyewe imekosa amani.

Tena, usidhani kwamba mambo ya askari ni ya Nakuru peke yake. Mji wa Kisii ulianza mwaka 1907 kama kituo cha utawala wa Waingereza, baada ya jeshi lao kuipiga nchi mwaka 1905. Wenyeji waliuita Bosongo, yaani mahali pa Wazungu. Mnamo Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya, akamjeruhi. Na jeshi likarudi, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa, watu wengi wakauawa. Septemba 1914 Wajerumani waliingia mji huo huo, wakapigana na askari wa King's African Rifles katika vilima vyake. Ngome iliyojengwa kwa ajili ya usalama iliita vita mlangoni.

Hata hivyo, kutoka kwa askari hao mji wa Kisii ulipata pia jambo jema. Miongoni mwa askari wa Waingereza walikuwamo Wanubi, watu wenye asili ya Sudan, na baadhi yao walibaki Kisii baada ya utumishi wao. Wajukuu zao wangali wakiishi mjini humo. Waliletwa na bunduki, lakini hawakukaa kwa nguvu ya bunduki. Walikaa kwa biashara, kwa kuoza na kuoa, kwa kusalimiana asubuhi na kuzikana. Askari alipoiweka silaha chini ndipo alipopata kuwa jirani.

Shauri la pili ni la Milimani. Sitakudanganya kwamba mtaro safi, maji ya bomba na taa ya barabarani ni anasa. Ni afya, na kila mtaa ulistahili kuwa nazo. Lakini anayetafuta ua mrefu peke yake hupata alichokitafuta: ua mrefu. Usiku mtoto wake akishikwa na homa, ukuta hausikii. Kimya alichokinunua kwa fedha nyingi hakina mikono ya kubeba mgonjwa.

Shauri la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa limetoka katika upendo. Kukaa na watu wa lugha yako ni faraja. Watakuonyesha kazi, watakukopesha unga, watachanga fedha kusafirisha maiti yako nyumbani. Mtu akilidharau jambo hili hajawahi kuwa mgeni. Lakini kumbuka desturi ya ebisarate. Zamani vijana wa Kisii walikaa katika kambi za kulinda ng'ombe, wakafundishana ushujaa na kuvumiliana. Lilikuwa jambo zuri kwao. Lakini vijana wa rika moja, wa mikuki mamoja, waliosikia kila jioni habari zilezile za adui yuleyule, waliona rahisi kutoka ulinzi kwenda uvamizi. Kambi inayolinda ndani hunoa makali kwa nje. Mtaa wa kabila moja huweza kuwa kambi ya namna hiyo bila mtu yeyote kukusudia.

Najua utanijibu nini, nami siwezi kulikwepa jibu lako. Utasema: "Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliofukuzwa walikuwa ni wale waliokaa kati ya wengine. Katika Bonde la Ufa, na katika mitaa ya Nakuru yenyewe mnamo Januari 2008, nyumba zilichaguliwa kwa kabila la mwenye nyumba. Aliyekaa na watu wake alipona. Wewe waniambia nikae wapi?"

Ni kweli, na majivu ya nyumba hizo hayajibiwi kwa methali. Lakini itazame kweli yote. Katika mwaka huo huo damu ilimwagika Chepilat, mpakani mwa Nyamira na Sotik. Pale Wakisii walikuwa upande wao na Wakipsigis upande wao. Walikuwa wamekwisha kutengana, na kutengana hakukuwaokoa. Mpaka hauondoi adui; humwekea mahali pa kusimama. Kama kila mtu atakimbilia kwa watu wake, basi kila mtaa utapata Chepilat yake, na mtoto wa mtaa huu hatamjua mtoto wa mtaa ule ila kwa jina baya.

Basi nakushauri nini? Sikushauri kuutafuta mtaa wenye hatari ili uonekane shujaa. Mwenye watoto ana wajibu wa kuwalinda, na mwenye fedha kidogo hana uchaguzi mpana; ni dhuluma kumlaumu mtu kwa mtaa alioweza kuulipia. Nakushauri uongeze maswali. Baada ya kuuliza kodi, uliza: mgonjwa akipatikana usiku hapa, nani huamka? Watoto wa lugha mbalimbali hucheza pamoja, au huitwa nyumbani? Mgeni akisingiziwa, yuko mtu wa kumtetea? Mtaa wenye majibu mema kwa maswali hayo ni tajiri, hata kama njia yake ni ya matope. Ukipata watu wa kwenu humo, shukuru; ukiwapata hao peke yao, fungua dirisha.

Ukisha hamia, swali hugeuka. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fimbo ya karibu ya jirani yako sasa ni wewe. Risaga haikuhitaji milima ya Kisii, ilihitaji watu wanaokubali kwamba jembe la leo ni deni la kesho. Deni hilo laweza kuwekwa hata katika uwanja wa nyumba za kupanga, kati ya watu wasiofanana majina: kuzibua mtaro pamoja, kumpeleka mtoto wa mwenzako shuleni, kukataa kumtaja jirani yako anapoulizwa kwa nia mbaya. Jambo hili la mwisho ni gumu kuliko yote, na huenda likakudai ujasiri mkubwa kuliko wa askari wa Lanet, kwa kuwa hutakuwa na silaha wala jeshi nyuma yako.

Utakapofika mjini, msomaji, utauliza kama mtaa ule wakufaa. Uliza, nakusihi. Lakini ujue kwamba nyuma ya mlango wa pili yuko mtu ambaye amesikia sanduku lako likiburutwa, na yeye pia anajiuliza ni jirani wa namna gani amemfikia.