Kidudu Katika Maji ya Udhu

Tumeletewa suala na ndugu zetu wakaao Homa Bay na Migori. Wasema kuwa kando ya mapipa ya udhu huonekana kidudu cha kijivu ambacho kikiguswa hujikunja kikawa duara kama punje ya tasbihi. Wako watu, wakikikuta kimekufa majini, humwaga pipa zima, maji ambayo mama zetu wameyachukua kichwani. Je, yamenajisika?

Twajibu, na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu: la. Lakini kwanza na tumjue mdudu mwenyewe, kwani wengi humdhani mtoto wa jongoo, naye siye. Jongoo ana miguu mingi mno. Huyu ana 14 tu. Yeye ni jamaa ya kaa na kamba tuwajuao sisi watu wa pwani, ila wao wamebaki majini naye amekaa nchi kavu. Hata hivyo maji hakuyaacha kabisa. Hupumua kwa viungo vilivyo chini ya tumbo, navyo vyataka unyevu, vikikauka, hufa. Ndiyo sababu mchana hujificha chini ya mawe na majani yaliyooza, ambayo ndiyo chakula chake, na usiku ndipo atembeapo. Kujikunja kwake humkinga na adui, na humzuilia unyevu usimtoke. Jike huchukua mayai katika mfuko wenye majimaji chini ya kifua, kana kwamba amejibebea bahari yake ndogo. Subhanallah! Basi si ajabu kumkuta penye pipa.

Ama hukumu, maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kuwa kiumbe asiye na damu itiririkayo, kama nzi na nge, akianguka majini akafa, maji hayanajisiki japo ni machache, maadamu hayakubadilika, wala hakutupwa humo na mtu akiwa maiti. Hadithi ya nzi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari ni katika hoja zao. Na huyu wetu hata wekundu wa damu hana. Amwagaye pipa kwa ajili yake amefanya israfu, akadhani ni uchaji.

Wala asije mtu akasema: maadamu ni jamaa ya kamba, basi na aliwe! Huyu ni katika wadudu wa ardhini, na hukumu yake ni mbali.

Akionekana majini, na aopolewe, kisha watu watawadhe. Akiwa hai, awekwe chini ya jiwe lenye unyevu, juani hatadumu.